Mke Aliyekataa Kuhamia kwa Mumewe

Mwezi Machi 1884, mawakili wa kijana mmoja wa Bombay aliyeitwa Dadaji Bhikaji walimwandikia barua Dk. Sakharam Arjun. Walidai kwamba mke wa mteja wao, aliyekuwa akikaa kwa daktari huyo, aachiwe ahamie kwa mumewe. Mke mwenyewe aliitwa Rukhmabai. Alikuwa na miaka 19, naye Dk. Sakharam alikuwa baba yake wa kambo. Alikuwa ameozwa akiwa na miaka 11, na tangu siku ya harusi yeye na Dadaji hawakuwahi kuishi kama mke na mume. Rukhmabai alikataa kwenda.

Kukataa huko kulizaa kesi iliyochukua miaka minne, ikagawa wasomaji wa magazeti ya Bombay na Pune, ikajadiliwa mpaka London, na ikagusa kipengele cha sheria ambacho India inakibishania hadi leo. Wengi wameisimulia kama habari ya msichana jasiri aliyepambana na mila. Ujasiri ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini anayeifuata kesi hatua kwa hatua anagundua kwamba silaha aliyopigwa nayo Rukhmabai haikutoka kwenye mila za Wahindu. Ilitoka Uingereza, ikavishwa joho la mila, kisha ikalindwa kwa nguvu na watu waliojiita walinzi wa dini.

Rukhmabai alizaliwa Bombay tarehe 22 Novemba 1864, katika kasta ya Suthar, watu wa useremala. Baba yake, Janardan Pandurang, alifariki binti akiwa bado mchanga. Mama yake, Jayantibai, alibaki mjane kabla hajafikisha hata miaka 20. Kama angekuwa Mbrahmin, mtu wa kasta ya juu kabisa, maisha yake yangeishia hapo: angenyolewa nywele, angevuliwa bangili na mapambo, angekatazwa kukaa kwenye sherehe yoyote, na angefanya kazi za nyumba ya wakwe zake hadi kufa kwake, hata kama mume aliyemfia alimwona siku ya harusi tu. Kwa Suthar, mjane aliruhusiwa kuolewa tena. Jayantibai akaolewa na Sakharam Arjun, mgane wa kasta hiyo hiyo, daktari na mtaalamu wa mimea aliyeheshimiwa mjini.

Kabla ya ndoa hiyo ya pili, mali aliyoachiwa na marehemu iliandikishwa kwa jina la binti yake. Hapo ndipo sheria inapoingia kwenye habari hii kwa mara ya kwanza. Mwaka 1856, kwa juhudi za mwanachuoni wa Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar, serikali ya Waingereza ilipitisha sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena. Inasifiwa sana, na kwa haki. Lakini kifungu chake cha pili kilisema kwamba mjane akiolewa tena anapoteza haki zake kwenye mali ya mume wa kwanza, kana kwamba siku hiyo naye amefariki. Kwa mwanamke wa Kibrahmin, ambaye awali hakuwa na ruhusa kabisa, hiyo ilikuwa hatua mbele. Kwa mwanamke wa kasta za chini, aliyekuwa akiolewa tena tangu enzi za mababu bila kuomba ruhusa ya serikali, ilikuwa hatari mpya. Miaka ya baadaye Mahakama Kuu za Bombay na Calcutta ziliamua kwamba hata yeye ananyang'anywa. Mahakama Kuu ya Allahabad ilikataa tafsiri hiyo, lakini ilibaki peke yake kwa muda mrefu. Sheria iliyotungwa kumfungulia mjane wa tabaka la juu mlango ikamfungia mjane wa tabaka la chini dirisha.

Kwa hiyo Rukhmabai, mtoto wa kasta ya mafundi seremala, alikua msichana mwenye mali yake. Dadaji aliyechaguliwa kumwoa alikuwa ndugu wa mbali wa Sakharam, maskini, mwenye miaka 19. Makubaliano yalikuwa kwamba bwana harusi atakaa kwa wakwe zake, atalipiwa masomo, na hatimaye atakuwa mtu wa kujitegemea. Haikuwa hivyo. Dadaji aliacha shule, afya yake ikadhoofika, akahamia kwa mjomba wake Narayan Dhurmaji, akaingia madeni. Rukhmabai alipovunja ungo, watu wa pande zote mbili walitarajia wawili hao wakutanishwe kama ilivyokuwa desturi. Sakharam, ambaye kama daktari alijua mwili wa mtoto unapitia nini katika uzazi wa mapema, alikataa. Binti akabaki nyumbani, akijisomea kwa vitabu vya maktaba ya wamisionari, akisikiliza mazungumzo ya wageni wa baba yake wa kambo, wengi wao watu waliotaka jamii ibadilike. Kadiri akili yake ilivyopanuka ndivyo alivyozidi kuamua kwamba mtu yule hatakuwa mume wake.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa Sakharam alikuwa mtu wa elimu namna hiyo, kwa nini alikubali msichana wa miaka 11 aozwe? Mwanasosholojia M. N. Srinivas, akiandika katikati ya karne ya 20, alieleza jinsi kasta za chini zinazotafuta heshima zinavyoiga mwenendo wa Wabrahmin. Zinaacha nyama na pombe, zinaanza kuwafungia wanawake ndani, zinaoza mabinti mapema, na wajane wanaanza kukatazwa kuolewa. Familia ikipanda ngazi, mwanamke ndiye anayelipa nauli. Familia ya Rukhmabai ilikuwa njia panda: ilimruhusu mama kuolewa tena kama Suthar, ikamwoza binti mapema kama watu wa juu.

Dadaji, akichochewa na mjomba wake na akijua mali iko wapi, alifungua kesi Mahakama Kuu ya Bombay akidai haki yake ya unyumba. Kesi ya namna hii ilitoka kwenye mahakama za Kanisa la Uingereza. Huko, mke au mume aliyemkimbia mwenzake aliweza kuamriwa arudi, na akikaidi aliadhibiwa. Ilivyofika India ni kisa chenyewe. Mwaka 1867 Baraza la Rufaa la Malkia mjini London liliamua shauri la mume na mke Waislamu wa Bengal, Munshi Buzloor Ruheem na Shumsoonnissa Begum. Mke alikuwa tajiri, na mgogoro ulihusu mali yake. Baraza likasema kwamba mume Mwislamu anaweza kufungua kesi ya unyumba kwenye mahakama za serikali. Kutoka hapo mlango ukawa wazi kwa Wahindu pia. Yaani Mwislamu na Mhindu walipewa kwa pamoja dawa iliyochanganywa na maaskofu wa Kianglikana, na ndani ya miaka 20 watu wakaanza kuihesabu kama urithi wa mababu.

Aliyeliona hilo wazi alikuwa Jaji Robert Hill Pinhey, aliyesikiliza kesi ya Dadaji. Tarehe 21 Septemba 1885 alitoa hukumu iliyowashtua wengi. Alisema hajaona kwenye sheria za Kihindu mahali popote panapoipa mahakama uwezo wa kumlazimisha mwanamke kumwendea mume ambaye hajawahi kuishi naye. Sheria ya Kiingereza nayo ilihusu watu wazima walioridhiana, wakaishi pamoja, kisha wakatengana. Rukhmabai aliozwa akiwa mtoto asiyejiweza. Kumkabidhi kwa nguvu mikononi mwa mtu asiyemtaka, alisema jaji, ni jambo la ukatili. Akaitupa kesi.

Magazeti yaliwaka moto. Mjini Pune, Bal Gangadhar Tilak, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa harakati za uhuru, aliandika kwenye gazeti lake la Mahratta kwamba Pinhey hakuielewa roho ya sheria za Kihindu. Kulikuwa na uchungu wa kweli nyuma ya maneno hayo, na si haki kuupuuza. Watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi, kodi na madaraka waliona nyumba ndiyo sehemu pekee iliyobaki mikononi mwao, na sasa mgeni anaingiza mkono humo pia. Ila uchungu huo uliwekwa juu ya mgongo wa msichana wa miaka 20. Uhuru wa mwanamume dhidi ya mkoloni ukapimwa kwa utiifu wa mke wake.

Hasira iliongezeka watu walipojua jambo lingine. Mwezi Juni 1885, na tena Septemba, gazeti la Times of India lilikuwa limechapa barua mbili kali zilizotiwa sahihi ya Bibi wa Kihindu. Ya kwanza ilihusu ndoa za watoto, ya pili ujane wa kulazimishwa. Mwandishi alieleza jinsi msichana anavyoondolewa shuleni akili yake inapoanza tu kuchanua, jinsi mvulana anavyoendelea na masomo hata baada ya kuoa, na jinsi desturi inavyomfanya mke asiwe na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Mwandishi huyo alikuwa Rukhmabai.

Barua zake ziliingia kwenye mjadala uliokuwa tayari umeanza. Mwaka mmoja kabla, mwezi Agosti 1884, mwandishi Mparsi Behramji Malabari alikuwa amechapisha maelezo yake kuhusu ndoa za watoto na ujane wa kulazimishwa, akayasambaza kwa watu mashuhuri kuomba maoni. Miongoni mwa waliojibu alikuwepo Jotirao Phule wa Pune. Phule alitoka kasta ya Mali, wakulima wa bustani, na pamoja na mkewe Savitribai alikuwa amefungua shule ya wasichana mwaka 1848, Savitribai akiwa mwalimu. Mwaka 1863 walifungua nyumba ya kuwapokea wajane wa Kibrahmin waliopata mimba, wajifungue bila kulazimika kuwaua watoto wao ili kuficha aibu. Fikiria hilo kidogo. Mwanamume na mwanamke wa kasta ya chini, wanaodharauliwa na Wabrahmin wa mji huohuo, wanawafungulia mlango mabinti wa Wabrahmin ambao ndugu zao wamewatupa. Hawakuwa na watoto, wakamlea kama mwana wao Yashwant, aliyezaliwa na mjane wa namna hiyo, akaja kuwa daktari.

Jibu la Phule kwa Malabari lilikwenda mbali kuliko la wengine. Alisema kama mjane hana ruhusa ya kuolewa tena, basi mgane naye asiruhusiwe. Alitaka serikali ipige marufuku kuoza wavulana wasiofika miaka 19 na wasichana wasiofika 11, na wazazi watakaokaidi watozwe kodi. Miaka 19 na 11 ndiyo hasa waliyokuwa nayo Dadaji na Rukhmabai siku ya harusi yao. Hata mwanamageuzi shupavu kuliko wote wa zama hizo hakuweza kupendekeza kiwango ambacho kingemwokoa Rukhmabai, na hilo linaonyesha mahali ambapo jamii nzima ilikuwa imesimama.

Mwaka 1886 rufaa ya Dadaji ilisikilizwa na Jaji Mkuu Charles Sargent pamoja na Jaji Bayley, wakaamua kwamba kesi ya unyumba inaruhusiwa na kwamba shauri lisikilizwe upya. Tarehe 4 Machi 1887 Jaji Farran alitoa amri: Rukhmabai aende kwa mumewe ndani ya mwezi mmoja, la sivyo afungwe jela miezi sita. Yeye akajibu kwamba yuko tayari kwa adhabu kamili kuliko kuitii hukumu hiyo.

Hapo ndipo panapouma zaidi. Huko Uingereza kwenyewe, Bunge lilikuwa limeshafuta kifungo cha jela kwa kosa hilo mwaka 1884, mwaka uleule Dadaji alipotuma barua yake ya madai. Mwanamke wa London hakuweza tena kutupwa gerezani kwa kumkataa mumewe. Mwanamke wa Bombay, chini ya Malkia huyohuyo, aliweza. Serikali ya India ilijadili kubadili sheria, ikaogopa kelele, ikaacha.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mila hawakupenda kulitaja. Katika kasta nyingi za chini za magharibi mwa India, ndoa iliyoshindikana ilikuwa na njia yake. Baraza la wazee wa kasta lilikaa, likasikiliza, na likaweza kumruhusu mwanamke aachane na mume na kuolewa kwingine. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Bombay ilisema haitambui mamlaka ya kasta kuvunja ndoa au kumpa mwanamke idhini ya kuolewa tena bila ridhaa ya mumewe. Kwa wanasheria waliosomea vitabu vya Sanskrit vilivyotafsiriwa kwa ajili yao, sheria ya Kihindu ilikuwa ile ya Wabrahmin, na katika sheria hiyo ndoa ni sakramenti isiyovunjika. Basi mamilioni ya wanawake ambao bibi zao walijua kuachika na kuanza upya waliingizwa kwenye chombo ambacho hakikuwa chao. Mwingereza na Mbrahmin, waliopingana kwa mengi, kwenye hili walishikana mikono, na naliona kuwa moja ya madhara makubwa ya ukoloni ambayo hayazungumzwi inavyostahili.

Rukhmabai hakufungwa. Simulizi moja inayopendwa sana inasema Malkia Victoria aliivunja ndoa hiyo kwa amri yake. Lakini kesi iliisha kwa njia ya kawaida zaidi: mwezi Julai 1888 Dadaji alikubali kupokea rupia 2,000 na kuacha kuitekeleza hukumu. Muda si mrefu akaoa mke mwingine, kwani mwanamume wa Kihindu wakati huo aliweza kuoa zaidi ya mmoja. Rukhmabai yeye, kisheria, alibaki mke wa Dadaji. Fedha zilimnunulia ruhusa ya kuishi mbali naye tu.

Alipata msaada wa Dk. Edith Pechey wa Hospitali ya Cama, mmoja wa madaktari wanawake wa kwanza wa Uingereza, na marafiki wakachanga fedha za kumpeleka kusoma. Mwaka 1889 aliondoka kwenda London kusomea udaktari. Alimwacha nyuma mtetezi mmoja wa wanawake ambaye njia yake ilikuwa tofauti na yake. Pandita Ramabai alizaliwa Mbrahmin, akafundishwa Sanskrit na baba yake kinyume cha katazo la wenzake, akaolewa na mwanamume wa Bengal asiye Mbrahmin, akawa mjane akiwa na miaka 23, akabatizwa Uingereza mwaka 1883. Kitabu chake kuhusu mwanamke wa Kihindu wa kasta ya juu, kilichotoka Philadelphia mwaka 1887, kiliwaeleza Wamarekani habari za Rukhmabai wakati hukumu ya Farran ikiwa bado mbichi. Mwaka 1889 alifungua Bombay shule ya wajane, Sharada Sadan. Wahindu waliomuunga mkono mwanzoni walimwacha baada ya miaka michache, wakimshuku kwamba anawavuta wanafunzi kwenye Ukristo. Katika India ile mwanamke hakuweza kubadili dini bila kuonekana amewasaliti ndugu zake, na wala hakuweza kubaki kwenye dini yake na kuikosoa bila kuambiwa ametumwa na wageni.

Rukhmabai akiwa London, habari mbaya ilitoka Calcutta. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, Phulmoni Dasi, alifariki kwa kutokwa na damu baada ya mumewe, Hari Mohan Maiti, mtu mzima kabisa, kumwingilia. Mwaka 1890 mume alishtakiwa. Mahakama haikuweza kumtia hatiani kwa ubakaji, kwa kuwa sheria ya jinai ilimlinda mume mradi mke ametimiza miaka 10. Akafungwa mwaka mmoja na kazi ngumu kwa kosa la uzembe uliosababisha madhara. Mwaka huohuo Rukhmabai aliandika makala kwenye jarida la London akiisihi serikali ya Uingereza ichukue hatua. Tarehe 19 Machi 1891 sheria ilipita ya kupandisha umri huo kutoka 10 hadi 12. Tilak aliipinga tena, na Bengal kulikuwa na mikutano mikubwa ya hadhara ya kuilaani. Watu wazima walikusanyika viwanjani kutetea haki ya kumlalia mtoto, wakati kaburi, au tuseme majivu, ya mtoto mmoja yalikuwa hayajapoa. Siwezi kuliandika kwa upole zaidi ya hapo.

Chini ya mwezi mmoja baada ya sheria hiyo, tarehe 14 Aprili 1891, alizaliwa katika kasta ya Mahar, mojawapo ya zile zilizoitwa zisizogusika, mtoto aliyepewa jina la Bhimrao. Mwaka 1916, akiwa na miaka 25 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, B. R. Ambedkar alisoma mbele ya semina makala fupi kuhusu chanzo cha kasta. Sijaona maelezo yanayoangaza kisa cha Rukhmabai kuliko haya, ingawa yeye hatajwi humo.

Ambedkar alisema kiini cha kasta si kazi, si uchafu na usafi, bali ni kuoana ndani kwa ndani. Kundi likiamua wanachama wake wasioane na watu wa nje, lazima idadi ya waume na wake ilingane. Mume akifa kabla ya mkewe, anabaki mwanamke wa ziada. Akiachwa huru, ataolewa nje na kubomoa ukuta, au ataolewa ndani na kumpunguzia msichana mwingine nafasi. Basi wanamchoma pamoja na maiti ya mumewe, au wanamwacha hai lakini wanamfanya asitamanike: anyolewe, avuliwe mapambo, afungiwe. Mke akifa kwanza, anabaki mwanamume wa ziada. Huyo hachomwi, maana ni mwanamume, na kundi linamhitaji. Anatafutiwa mke kutoka miongoni mwa wale ambao bado hawajafikia umri wa kuolewa, yaani watoto. Kuchoma wajane, ujane wa milele na ndoa za watoto, mambo matatu ambayo wanamageuzi waliyaona kama maovu matatu mbalimbali, kwa Ambedkar yalikuwa kufuli tatu za mlango mmoja. Wabrahmin waliufunga kwanza, na wengine wakaufunga kwa kuwaiga au kwa kufungiwa nje.

Ukishasoma hivyo, kilio cha Pune dhidi ya Pinhey kinaeleweka. Mwanamke aliyesema hapana kwa mume aliyechaguliwa na kasta, kesho angeweza kusema ndiyo kwa mtu wa kasta nyingine.

Ambedkar hakuishia kwenye nadharia. Tarehe 25 Desemba 1927, mjini Mahad, yeye na wafuasi wake waliichoma hadharani Manusmriti, maandiko ya kale yanayoweka mwanamke chini ya baba, mume, kisha mwanawe, na Mshudra, mtu wa kasta za chini, chini ya wote. Uhuru ulipopatikana na yeye kuwa waziri wa sheria, aliupeleka bungeni muswada wa kuiandika upya sheria ya Kihindu: mke mmoja kwa mume mmoja, haki ya talaka, urithi kwa mabinti, ndoa zisizojali kasta. Wahafidhina ndani na nje ya chama tawala waliuzuia miaka kadhaa. Septemba 1951 alijiuzulu, na kukwama kwa muswada huo kulikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Baadaye Waziri Mkuu Nehru aliukata vipande, vikapita kimoja kimoja, cha kwanza kikiwa Sheria ya Ndoa ya Kihindu ya mwaka 1955.

Wakati huo Rukhmabai alikuwa bado hai. Alirudi kutoka Uingereza akiwa daktari, akafanya kazi miaka mingi kwenye hospitali ya wanawake mjini Surat, kisha Rajkot, akastaafu takriban 1930. Hakuolewa tena. Inasimuliwa kwamba Dadaji alipofariki mwaka 1904 alivaa sari nyeupe ya mjane. Wengine wameona hapo majuto. Mimi naona mwanamke aliyejua kwamba wagonjwa wake, mabibi wa Gujarat wasioruhusiwa kuonwa na daktari mwanamume, wangemwamini zaidi mjane kuliko mke aliyemkimbia mumewe. Mwaka 1929 alichapisha kijitabu kudai desturi ya kuwafungia wanawake nyuma ya pazia iachwe. Alifariki tarehe 25 Septemba 1955, miezi minne baada ya sheria mpya ya ndoa kuanza kutumika.

Sheria hiyo ilileta talaka, ilikataza ndoa ya mitala kwa Wahindu, ilikuwa ushindi. Lakini kifungu chake cha 9 kinampa mume au mke aliyeachwa bila sababu ya maana haki ya kuiomba mahakama imwamuru mwenzake arudi. Ni kesi ileile ya Dadaji, ikiwa imetolewa jela ndani yake lakini ikiwa na uwezo wa kukamata mali ya anayekaidi. Vifungu vya aina hiyo vimo pia kwenye sheria za ndoa za Wakristo, za Waparsi na za ndoa ya serikali, na Waislamu nao wanaweza kufungua kesi ya namna hiyo. Uingereza yenyewe ilikifuta kitu hiki mwaka 1970. Tanzania, iliyorithi kwa njia ya ukoloni sheria kadhaa zilizoandikwa kwa ajili ya India, ilikikataa waziwazi: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu shauri lolote la kumlazimisha mke kuishi na mumewe au mume na mkewe.

Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh, katika shauri la mwigizaji T. Sareetha, ilitamka kifungu cha 9 kuwa batili. Jaji P. A. Choudary alisema kinamnyang'anya mwanamke uamuzi juu ya mwili wake na kama atabeba mimba au la, na ukisoma hoja zake unamsikia Pinhey baada ya miaka 98. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu, katika shauri la Saroj Rani, ilikirudisha, ikisema shabaha yake ni kuinusuru ndoa. Tangu hapo kimekuwa kikitumiwa na waume wengi kama ngao: mke akiomba fedha za matunzo, mume anakimbilia mahakamani kuomba amri ya unyumba, kisha anasema huyu amekaidi, hastahili kitu. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukaidi amri hiyo peke yake hakumnyimi mke matunzo.

Ukuta alioueleza Ambedkar nao bado umesimama. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika 2011 na 2012 ulikuta kwamba ni takriban ndoa 5 tu kati ya 100 zinazovuka mpaka wa kasta. Vijana wanaothubutu, hasa msichana wa kasta ya juu anapompenda kijana wa Kidalit, yaani wa kasta zilizoitwa zisizogusika, bado huwindwa na ndugu zao wenyewe, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ililazimika kutamka kwamba mabaraza ya wazee hayana haki yoyote ya kuingilia ndoa ya watu wazima wawili. Kinga iliyomsaidia Hari Mohan Maiti nayo haijafutwa. Kilichobadilika ni umri: hadi 2017 mume hakushtakiwa kwa ubakaji mradi mke ametimiza miaka 15, ndipo mahakama ikapandisha hadi 18, na sheria mpya ya jinai ya 2023 imeuacha hapo.

Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria kutoka Gujarat, jimbo ambalo Rukhmabai alitibu wanawake kwa zaidi ya miaka 30, walipeleka ombi Mahakama ya Juu wakitaka kifungu cha 9 kifutwe. Walitoa hoja kwamba kifungu hicho kwa maandishi kinawahusu mume na mke sawasawa, ila uzito wake unamwangukia mke, na kwamba hakuna mahakama yenye haki ya kumwamuru mtu mzima akalale wapi.